Maandishi Mekundu

Mafundi rangi wawili waliyasoma yale maandishi mekundu ukutani, wakabeba ndoo zao wakaondoka. Basi Sefu akashika brashi ya waya mwenyewe, maana mnunuzi alikuwa anakuja saa kumi.

NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyeandika ni dada yake, Mwanaheri, siku ya pili baada ya arobaini ya mama yao. Sasa alikaa barazani akichambua mchele kana kwamba mdogo wake hayupo.

"Parua ukuta mzima, uanzie juu," alisema hatimaye. "Ndivyo mafundi wanavyofanya."

"Nyamaza, dada. Sijakuuliza."

Sefu akaziandama herufi moja moja, akizisugua kwa hasira mpaka vumbi jekundu likamjaa puani. Rangi yote ilipotoka, akaumwagia ukuta ndoo ya maji, akarudi nyuma aitazame kazi yake.

Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi na kuvu ya miaka mingi. Pale alipopitisha brashi tu ndipo palipong'aa, chokaa nyeupe pe, na kila herufi ilisimama mahali pake, nene kuliko mwanzo.

Mwanaheri akapeta mchele ungoni mara moja.

"Mwandiko wako mzuri kuliko wangu."

Gari likasimama mbele ya nyumba, na aliyekuwa ndani hakuzima injini. Sefu akajibandika mgongo kwenye ukuta ule uliolowa, akaitanua mikono kadiri alivyoweza. Mwili wake ulitosha kuziba neno moja tu.