Mlango wa Jikoni

Jumba la bwana mlowezi, mwenye shamba, lilisimama katikati ya makaburi ya askari, limepakwa chokaa mpya kana kwamba halijapata kumliza mtu. Bi Mboni alikulia uani kwake, mtoto wa dobi, asiyeruhusiwa kuingia ila kwa mlango wa jikoni. Tangu bwana aondoke alikuwa akitangaza sokoni na hata misibani: "Siku moja nitaingia mle kwa mlango wa mbele, nyie endeleeni kuinama!"

Leo jumba lilikuwa wazi kwa wageni, na binti yake Nakiete alimleta. Walipita kati ya misalaba myeupe iliyojipanga kama gwaride, na mlinzi wa jumba akawapokea barazani.

"Karibuni, mama zangu. Piteni."

Nakiete akapita. Alipogeuka, mama yake hakuwapo.

Alimkuta nyuma ya jumba, mbele ya mlango wa jikoni, kandambili mkononi, kichwa ameinamisha.

"Hodi," aliita taratibu. "Hodi humu."

"Mama! Huku unatafuta nini? Si umekaribishwa kule?"

Bi Mboni alishtuka, akaitazama miguu yake mitupu juu ya saruji.

"Imenileta yenyewe, mwanangu. Wallahi nilikuwa nakufuata wewe."

"Basi turudi mbele."

"Usimwambie mtu. Watu wazima nimewaita mbwa wa bwana kwa kuinama tu, Nakiete. Nimewaita mbele ya watoto wao."

Nakiete akamshika mkono. Ndani, mlinzi aliyesikia hodi akaanza kuvuta komeo. Mlango ulipofunguka, Bi Mboni alikuwa amekwisha kujibanza ukutani, amepisha njia.