Mwalimu wa Nne

Mpishi alichemshwa nusu saa, akamenywa, akaletwa mezani na chumvi kidogo.

Ndivyo ilivyosomeka sentensi ya Mzee wa Machimbo, kwa Kiingereza alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekusudia mayai. Mwalimu aliuma shavu kwa ndani mpaka akasikia ladha ya damu.

"Iko sawa?" Mzee aliuliza.

"Karibu, mzee. Tusogeze maneno kidogo. Kila sifa ikae jirani na mwenyewe. Kilichochemka ni yai, basi kuchemka kukae karibu na yai."

Mzee hakutabasamu. Alifuta, akaandika upya polepole, kama mtu anayechonga jiwe.

Mjini, mwalimu huyu alijulikana kwa vichekesho. Makosa ya namna hii aliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa, watu wazima wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kanuni ikawaganda kichwani. Sifa hiyo ndiyo iliyomleta hapa nyumbani kwa Mzee: amfundishe wiki moja, Mzee aweze kuwahutubia wageni wake kwa Kiingereza. Simu yake ilichukuliwa langoni. Mwanawe wa miaka minne alimwachia dada yake, akamwahidi kurudi Ijumaa.

Asubuhi ile, kabla ya somo hili la kwanza, mpishi alikuwa amemmiminia chai bila kumtazama.

"Mwalimu, wewe ni wa nne."

"Wa nne wa nini, mama?"

"Wa kumfundisha. Wale watatu walicheka. Wa mwisho alicheka saa nne. Saa tano kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa."

"Alikwenda wapi?"

"Nilimwona akipandishwa kwenye lori la mawe. Mimi kazi yangu sufuria, mwanangu. Malori siyafuatilii."

Chini kule machimboni baruti ililipuka. Vikombe vikagongana rafuni.

Basi mwalimu akawa anakila kicheko chake. Jumanne Mzee aliandika kwamba baba yake ndiye aliyemzaa, kwa msaada mdogo wa mama. Mwalimu alimeza mate. Jumatano aliandika habari za msiba wa mjomba wake, na kwa jinsi alivyoyapanga maneno, aliyezikwa saa sita mchana ni Mzee mwenyewe, kisha akarudi nyumbani akala vizuri. Hapo mwalimu alijifanya anakohoa. Mlinzi aliyesimama mlangoni alisogea hatua mbili, akamchungulia usoni kama anayekagua noti bandia.

"Nimesikia umekohoa," mpishi alimwambia walipokutana ukumbini.

"Mafua, mama."

"Yachunge hayo mafua. Una mtoto."

Ijumaa Mzee alivaa suti, akasimama, akasoma hotuba nzima. Aliwakaribisha wageni waliopakwa chokaa upya kwenye ukumbi wenye njaa. Alimsifu karani wake mkuu, aliyeitumikia kampuni miaka thelathini na sasa ameiva vizuri kwenye sinia. Mlinzi hakumtazama Mzee hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa kwenye midomo ya mwalimu.

Kicheko kilimpanda mwalimu kutoka tumboni, kikamfika kooni, kikagonga meno. Alikaza kucha viganjani. Alimwaza mwanawe, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha, akihesabu kila anayepita. Kicheko kikarudi kilikotoka. Uso wake ukabaki mkavu kama ukuta.

Mzee aliikunja karatasi.

"Hukucheka."

"Hapana, mzee."

"Na pa kuchekwa papo."

"Ni makosa madogo tu, mzee. Yanarekebishika."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, Mzee alitabasamu.

"Wale wenzako walinicheka usoni. Nikawarudisha kwao siku ile ile, kila mmoja mpaka mlangoni kwake. Mtu wa kunicheka simweki nyumbani kwangu."

Alimwashiria mlinzi. Mlinzi akafunga mlango, akageuza ufunguo.

"Lakini wewe, mwalimu, nimekutafuta miaka. Gari limeshakwenda kumchukua mwanao."