Maji ya Paani

Matone ya kwanza yaligonga bati Sefania akiwa bado juu ya ngazi, anakaza msumari wa mwisho. Alishuka, akasimama kutazama maji yakitiririka kwenye mfereji aliouzungushia paa na kuingia katika tangi jipya. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu.

Alikinga kikombe, akampelekea mkewe chumbani. Nakunda hakuwa ameinuka kitandani tangu alipoteleza na ndoo kichwani akitoka mtoni, akavunjika mgongo.

“Onja, mama Eliapenda,” alimwambia. “Mambo ya mtoni yamekwisha.”

Nakunda alikipokea kikombe, akayatazama maji kwa muda.

“Ndiyo haya yaliyokuwa yakimwagika hapa miaka yote?”

“Ndiyo haya.”

“Kila masika nilikuomba. Ukasema tusubiri kwanza.”

Sefania alivuta kigoda, akaketi. Nakunda alikirudisha kikombe mikononi mwake bila kuonja, akageuzia uso ukutani.

Mvua ilinyesha hadi usiku; huko nje tangi lilijaa, maji yakaanza kufurika uani. Wote wawili waliyasikia.