Mahojiano ya Alhamisi

Mara ya tatu asubuhi ile Aganze aliandika jina lake kwenye karatasi ya majaribio, na mara ya tatu akalitazama kana kwamba ni la mtu mwingine.

Kulwant, aliyefanya naye kazi meza moja tangu siku walipoajiriwa, alimwona. "Presha imeshuka?"

"Haijashuka. Vali ni nzima."

Karakana yao ilikuwa Aston, Uingereza, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira. Walipima vali na pampu za nyambizi za jeshi la wanamaji: kujaza maji, kupandisha presha, kisha kukodolea macho geji nusu saa nzima kuhakikisha haishuki. Ilikuwa kazi nzuri, lakini Aganze alitaka nyingine. Kaskazini, kwenye kiwanda cha kuundia meli, kulikuwa na kundi la mafundi wanaoingia ndani ya nyambizi mpya na kuwasha kila mfumo kwa mara ya kwanza, bomba kwa bomba, mpaka waridhike kwamba watu wanaweza kuishi humo chini ya maji. Nafasi zilitangazwa mbili. Yeye na Kulwant waliomba wote, na wote wakapita usaili.

Kilichobaki kilikuwa kibali cha usalama.

"Ile fomu ilinilia wikendi nzima," Kulwant alisema wakati wa chakula cha mchana. "Wanataka kujua mpaka majirani. Mimi nimeandika majina ya watu wawili tu wa kuulizwa habari zangu, wanaonijua kweli."

Aganze alitikisa kichwa kukubali, akaiacha sandwichi nusu. Kwenye fomu yake palikuwa na swali: umewahi kutumia jina lingine? Alikuwa amejibu hapana. Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu wote wawili watume fomu. Na jana barua pepe ilifika: afisa angekuja karakanani Alhamisi saa nane mchana, kwa mahojiano kuhusu ombi la kibali. Aliisoma mara moja, mbiombio, akaifunga.

Jumatano alitoka kazini mapema, akapanda basi hadi Shard End kwa mama yake. Henriette alikuwa anajiandaa kwa zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Mama, kesho wanakuja kunihoji."

Henriette alikaa kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Bakikuuliza, sema ukweli," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kama habakuulize, unyamaze. Wewe ni mutoto yangu. Hiyo hakuna mutu anaweza kuibadilisha."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Mimi niko muzee sasa. Fanya kazi yako."

Alivaa kiatu cha pili, lakini kamba zilimshinda. Aganze alipiga goti, akamfungia.

Siku ya pili alipima vali ileile mara mbili bila sababu. Saa nane kasorobo alinawa mikono, akapanda ngazi kwenda chumba cha mikutano.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Madhu, na mbele yake palikuwa na faili moja la buluu. Alikagua kitambulisho cha Aganze, akamshukuru kwa kukubali kumpa muda wake.

"Nitaomba uwe mkweli kabisa," alisema. "Makosa ya watu tunayaona kila siku, na mengi hupita. Kinachowaharibia ni kuficha."

"Basi nina jambo la kusema kwanza."

"Labda nianze mimi, nikueleze—"

"Tafadhali. Nikinyamaza sasa sitaweza tena."

Akasema. Jina lake la kweli ni Murhula. Aganze halisi alikuwa mtoto wa Henriette, jirani wa Murhula wa hema la pili katika kambi ya wakimbizi Uganda, na alikufa kwa homa wiki tatu kabla ya safari ya Uingereza. Murhula alikuwa na miaka tisa, hana baba, hana mama. Henriette alimvalisha shati la marehemu, akamshika mkono, wakapanda ndege kwa karatasi za marehemu. Miaka kumi na sita ameitikia jina hilo shuleni, kanisani, chuoni, kazini.

"Kwenye fomu nilijibu hapana," alisema. "Jibu ni ndiyo. Mama hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametoka kumzika mmoja, hakutaka kumwacha mwingine."

Bi Madhu alilivuta faili karibu.

Aganze aliegemea kiti. Mabega yake yalishuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alivuta pumzi ikafika mwisho. Chini yao pampu ziliendelea kunguruma. Aliwaza kwamba lolote litakalokuja, angalau limeshatoka kifuani.

Bi Madhu hakuwa ameandika hata neno. Aliliangalia faili, akamwangalia yeye, akaliangalia tena faili.

"Mimi nimekuja kukuuliza habari za Kulwant," alisema polepole. "Wewe ni mmoja wa wawili aliowaandika kwenye fomu yake. Faili lako bado hata halijapewa mtu wa kulishughulikia."

Kisha akavuta karatasi nyeupe, akabofya kalamu.

"Hilo jina lako la kweli, linaandikwaje?"