Kigoda cha Mfenesi Mbichi

Siku hizi miti hushika sauti za watu wanaoishi karibu nayo, ndiyo maana mafundi huanika mbao mpaka zinyamaze. Hata anayejifunza anajua hilo, ila Shemboko hakuwa na subira. Aliuangusha mfenesi uliokuwa dirishani kwa marehemu baba yake, akaupasua mbao mwenyewe kwa msumeno wa kuazima, na zikiwa bado mbichi akaunda kigoda, kazi yake ya kwanza.

Mkewe, Zuhena, alikikalia jikoni akimenya ndizi. Kigoda kikaita kwa sauti ya mzee: "Shemboko. Mwanangu, naomba maji."

Nyuma ya sauti ile mtangazaji wa mpira kwenye televisheni alikuwa akishangilia bao.

Zuhena aliinuka, kisu mkononi. "Kumbe siku anafariki ulikuwepo sebuleni."

"Nilidhani amelala."

"Mimi nipo msibani, nakupigia simu, unaniambia amelala. Chumba chake kina pazia tu, Baba Rehani."

Shemboko alitazama maganda ya ndizi.

Zuhena aliketi sakafuni, akaendelea kumenya. "Kianike juani," alisema bila kumtazama. "Kikikauka kitanyamaza."

Shemboko alikitoa nje, lakini hakukiweka juani. Kipo nyuma ya nyumba, kivulini, miguu imeshapinda na ukungu umeanza kukiingia. Kila asubuhi Shemboko huchuchumaa mbele yake na kikombe cha marehemu, akakimiminia maji kidogokidogo, kisikauke.