Fungu la Wagonjwa

Mzee Gidahosh alinyoosha mguu wake wa kulia, mguu mzima usio na hata mkwaruzo, akamwambia Nesi Kornelia aufunge bandeji. Kornelia akaufunga mpaka gotini, kisha akamwonya asisahau kuchechemea.

"Nichechemee mguu upi?" akauliza mzee.

"Huo huo wenye bandeji, baba."

Nje ya zahanati walikuwa wamekaa watu zaidi ya mia mbili, na wengine walishaanza kukohoa kabla ya wakati. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Kornelia ndiye aliyewaita, boma kwa boma, siku mbili mfululizo. Alikuwa mtoto wa kijiji cha Tumati, wa nyumba iliyosali asubuhi na jioni, na alijua uongo ni dhambi. Lakini aibu hakuwa nayo. Aibu aliwaachia wakubwa wa mkoani.

Hao ndio waliogawa dawa. Hanang ilipotengwa na Mbulu, fungu la dawa nalo likakatwa vipande, na kila wilaya ikaambiwa kwamba mgawo utafuata idadi ya wagonjwa walioandikwa kwenye daftari za zahanati. Mwaka wa kwanza boksi la dawa lilifika kwenye zahanati hii ya tambarare likiwa nusu tupu. Watu wakatembea nusu siku kuja kuambiwa hakuna dawa, basi wakaacha kuja. Daftari likabaki jeupe. Lilipofika mkoani hivyo, wakubwa wakasema wafugaji wa tambarare wana afya njema, wakapunguza dawa tena. Kornelia aliandika barua tatu kueleza jambo ambalo hata mbuzi angelielewa. Akajibiwa mara moja tu, kwamba ajifunze kujaza fomu.

Mwezi wa nne mjukuu wa Gidahosh, mtoto wa miaka miwili, alikufa kwa malaria mikononi mwa Kornelia, kabati likiwa wazi na ndani hamna kitu. Tangu siku ile nesi hakuwaheshimu tena watu wa mkoani. Basi waliposema watatuma afisa aje kuwahesabu wagonjwa kwa macho yake, akaamua kuwapatia wagonjwa.

Afisa alifika saa nne asubuhi. Aliitwa Bwana Nicodemo. Alikuja na gari la kuazima kutoka shamba la ngano la serikali, ng'ambo ya kilima, kwa kuwa gari la afya halikuwa na matairi. Aliandamana na mtu mmoja wa shambani, aliyevaa buti, ambaye hakujitambulisha. Huyo alitupa jicho kwa watu, akaona hawamhusu, akaenda zake malishoni kunyoosha miguu.

Bwana Nicodemo alipita katikati ya wazee bila kumpa hata mmoja shikamoo, kitambaa puani, akinyanyua viatu kama mtu anayevuka zizi. Aliwahesabu kwa kuwanyooshea kalamu. Hakuuliza mgonjwa yeyote anaumwa nini, ingawa Gidahosh alijua Kiswahili vizuri. Alimuuliza Kornelia.

"Hawa huwa wanaumwa hivi kila mwaka?"

"Kila mwaka, bwana."

"Masika na kiangazi?"

"Hakuna majira wanayopona."

Akauliza maji wanakunywa wapi. Kornelia akamwonyesha lambo, akasema maji yale ndiyo yanayowaua, watu na ng'ombe wanakunywa pamoja. Yeye mwenyewe aliyanywa miaka mitano na hayakumdhuru. Bwana Nicodemo akaandika yote. Akauliza habari za mbu, akaambiwa ni wengi kuliko majani. Akaandika na hayo.

Kornelia alimtazama akiandika, akamdharau mpaka akamwonea huruma. Mtu amesomeshwa na serikali, analishwa na serikali, na hawezi kutofautisha mguu mbovu na mzima. Mbele yake Gidahosh alichoka, akaanza kuchechemea mguu wa kushoto. Afisa akamwandika: namba mia na kumi na saba.

Hesabu ilifika mia mbili na arobaini. Bwana Nicodemo akampa Kornelia karatasi atie sahihi kwamba maelezo ni yake. Akaisoma yote, akakuta kila neno ni uongo wake mwenyewe, hakuna lililoachwa. Akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Gari lilipotokomea, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Gidahosh alifungua bandeji, akaikunja vizuri, akairudisha, maana ilikuwa ya mwisho.

Miezi miwili baadaye lilikuja lori. Lilikuwa na maboksi kumi na sita ya dawa, yamejaa. Kornelia aliyahesabu mara mbili. Dereva akampa barua ya mkoa. Watu wakakusanyika, naye akaisoma kwa sauti, Gidahosh akiifasiri kwa lugha yao. Ilisema ukaguzi umeonyesha hali ya kusikitisha, na fungu la zahanati hii limeongezwa mara nne. Wanawake wakapiga vigelegele. Kornelia akamkumbuka yule mtoto, akafuta macho, akageuza ukurasa.

Akausoma kwanza kwa macho mpaka chini. Gidahosh akasubiri, kisha akamwambia, "Endelea, nesi. Watu wanangoja."

Kornelia akasoma polepole: "Kwa kuwa imethibitika kwamba eneo hili halifai kuishi watu, wakazi wote waondoke na mifugo yao kabla ya mvua za kwanza, kwa faida ya afya zao. Dawa zisifunguliwe mpaka wafike wafanyakazi wa shamba jipya la ngano."