Mgeni Matangani

Tangu majimbo yajitungie sheria zake, ndoa iliyofungwa Mlimani haikutambuliwa Ziwani. Wakesho na mumewe Odera hawakujali, kwa kuwa waliishi Mlimani miaka yote. Kisha Odera akaenda Ziwani kumwona mamake, akaugua, akafia huko.

Mpakani, askari alimuuliza Wakesho anakokwenda.

"Kumzika mume wangu."

"Huku huna mume, mama. Ukisema mke, itabidi nikurudishe. Sema mgeni."

"Kwani serikali kuu haiwezi kunisaidia?"

"Haina mamlaka tena hapa."

Akasema mgeni, akavuka.

Matangani, shemeji yake Oluoch alimkumbatia akilia. "Nisamehe, shemeji. Ofisa wa jimbo yupo. Tukikuketisha karibu na jeneza, atazuia maziko." Akampeleka kwenye viti vya wageni, nyuma kabisa.

Kaburi lilifukiwa bila yeye kutupa hata konzi ya udongo. Mama mmoja aliyeketi kando yake alimpa chai, akamuuliza kwa upole, "Ulikuwa unamfahamu marehemu?"

Ofisa alikuwa akiwatazama. Wakesho alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kidogo," akasema.